Nilikipaka kijiji rangi ya kijani bila kupanda kilima: yaliyonikuta kwenye tathmini ya majanga Mbeya

Wakuu, salamu kwenu nyote. Aliyesimama atafute pa kuegemea, uzi ni mrefu na hauna picha.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe. Siyo rafiki yangu, siyo binamu yangu, siyo "jamaa mmoja hivi". Majina nimebadilisha. Kijiji nitakiita Isonge, na msihangaike kukitafuta kwenye ramani. Ramani ndiyo iliyoleta balaa lote hili, tuiache kwanza ipumzike.

Mimi ni mnyalukolo wa Kihesa, Iringa. Nimesoma jiografia chuo, nikaongeza na mambo ya kuchora ramani kwa kompyuta. Nilipomaliza nikarudi nyumbani, nikakaa miaka miwili dukani kwa mama nikiuza madaftari na kalamu.

Degree yangu ilinisaidia sana kupanga madaftari kwa ukubwa.

Siku moja nikapigiwa simu na mtu wa Dar, nitamwita Dokta. Ana ofisi yake ya ushauri, amepata kazi ya kupima vijiji vya huku kwetu Nyanda za Juu viko kwenye hatari kiasi gani ya majanga ya asili. Mafuriko, ukame, vitu vya namna hiyo. Anatafuta kijana wa kujaza data na kuchora ramani.

Dokta wa nini? Sikuuliza. Wewe uliyekaa miaka miwili nyuma ya kaunta ya madaftari ungeuliza?

Timu yetu ilikuwa ya watu watatu. Dokta, mimi na dereva, kaka Rajabu. Rajabu ni mzaliwa wa Mbeya mjini. Babu yake alikuja kutoka pwani na mzigo wa kanga, akakuta baridi ile, akagundua blanketi linatoka haraka kuliko kanga, akabaki moja kwa moja. Rajabu amerithi akili hiyohiyo. Anaangalia hali halisi kwanza, maneno baadaye. Kama angekuwa yeye ndiye Dokta, uzi huu usingekuwepo.

Sasa tuje kwenye fomu, maana msipoielewa fomu hamtaelewa kitu.

Kila kitu tulijaza kwenye kishikwambi. Unafungua, unachagua aina ya janga kwenye orodha, unajaza maswali, mwisho mashine inakupa alama. Alama nyingi, kijiji kinakuwa chekundu. Za katikati, njano. Chache, kijani.

Orodha ya majanga ilikuwa hivi: mafuriko, ukame, kimbunga, tsunami, moto, na mwisho "Nyingine (taja)".

Ndiyo wakuu. Tsunami. Mbeya.

Baadaye ndiyo nikaja kujua fomu ilitengenezwa kwa ajili ya kazi ya pwani, Dokta akabadilisha jina la mkoa kwenye jalada, basi.

Siku ya kwanza tulijaribu vijiji viwili vya upande wa Idodi, barabara ya kwenda mbugani. Nikafika kwenye swali la "Umbali kutoka ufukweni kwa kilomita". Ni la lazima, usipolijaza huendi mbele. Nikaandika mia tano. Ikagoma. Nikaandika mia nne. Ikagoma. Kumbe inapokea mpaka tisini na tisa tu.

Nikamwonyesha Dokta. Akasema, "Weka sifuri, tutarekebisha ofisini."

Nikaweka sifuri. Kuanzia siku hiyo Idodi wakawa na ufukwe.

Baba mmoja pale kijijini alisubiri tumalize maswali yote ya kimbunga, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Na tembo mmewaweka wapi? Maana hapa janga letu ni mto ukijaa, na tembo." Nikamwambia tembo wataingia kwenye "Nyingine". Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa mgeni wake atalala stoo.

Tukaenda hivyo, kijiji baada ya kijiji, sifuri baada ya sifuri, mpaka tukavuka Makambako tukaingia Mbeya. Ilikuwa Novemba mwishoni, mvua zimeanza.

Isonge iko milimani. Unaacha lami, unapanda kati ya mashamba ya viazi na pareto mpaka gari linaanza kukohoa. Kijiji chenyewe kiko tambarare kidogo, ila kitongoji chake kimoja, wanakiita Juu, kimebandikwa kwenye mteremko kama stempu. Nyumba kama ishirini hivi, migomba, na juu yao kilima.

Ofisini tukapokelewa na mwenyekiti wa kitongoji hicho cha Juu. Mwanamke wa makamo, Mama Atupele, fundi cherehani. Alikuja na futi yake ya kushonea imening'inia shingoni na daftari la shule mkononi.

Nikampa shikamoo. Akaitika, akafungua daftari moja kwa moja, hana habari na utambulisho wa mradi.

"Kule juu ya nyumba zetu ardhi imepasuka," akasema. "Ufa umeanzia kwa Mwalimu Ambokile mpaka kwenye migomba yangu. Nimechomeka vigingi huku na huku ya ufa, napima kila Jumapili nikitoka kanisani. Angalieni wenyewe."

Wakuu, lile daftari. Tarehe, inchi, na pembeni ameandika kama wiki hiyo mvua ilinyesha au la. Miezi minane. Ufa ulikuwa unafunguka pole pole, na wiki za mvua unaongeza mwendo.

Mimi nimesoma chuo miaka mitatu na sijawahi kuandika data safi namna ile.

Dokta akalishika daftari kwa vidole viwili, akasema, "Mama, hongera sana. Ila hii haiko kwenye format."

Mama Atupele akauliza format ni nani.

Rajabu akatoka nje. Nilijua anaenda kucheka.

Mama akatuomba twende tukaone. Ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, gari halipandi. Mvua inanyunya, njia ni utelezi mtupu, na Dokta alikuwa amevaa raba nyeupe. Nasema nyeupe, siyo nyeupe ya kawaida, nyeupe ya harusi.

Akaangalia raba. Akaangalia kilima. Akasema, "Tuna droni. Droni itaona vizuri kuliko sisi."

Droni ikapanda, ikaingia kwenye ukungu, ikatuletea picha tisa za ukungu wa hali ya juu sana.

Nikabaki mimi. Ningeweza kusema, "Dokta, subirini hapa, nipande na mama nirudi." Nilikuwa na viatu vizuri tu vya kazi. Lakini nilikuwa nimechoka, nina njaa, soksi zimelowa, na kijiji kingine kilikuwa kinatusubiri na chakula kimepikwa.

Kwenye fomu kulikuwa na swali: "Je, mtathmini ameliona eneo la hatari kwa macho yake?" Chaguo ni Ndiyo na Hapana. Ukichagua Hapana, inakufungulia maswali mengine kumi na moja ya kueleza kwa nini.

Nikatia tiki Ndiyo.

Hapo ndipo kesi yangu ilipoanzia, wakuu. Yote mengine nitakayomcheka Dokta, nataka mkumbuke kidole kilichogusa hiyo Ndiyo ni hiki ninachochapia.

Ufa wa Mama Atupele nikauweka kwenye "Nyingine (taja)". Nikataja: maporomoko ya ardhi. Mama akatushukuru. "Ndaga," akasema, asanteni kwa kuja. Alitupa na ndizi.

Tukaenda kula.

Januari tukaitwa kwenye warsha Mbeya mjini kuwasilisha matokeo. Ukumbi una viti vimevalishwa vitambaa kama mabibi harusi. Wamekuja viongozi wa vijiji na madiwani. Mimi nakaa pembeni ya Dokta nabonyeza kompyuta.

Slaidi ya tatu ikasomeka: "Janga linaloongoza kwa hatari katika wilaya: TSUNAMI."

Zile sifuri hakuna aliyezirekebisha. Wilaya nzima ilikuwa imehamia ufukweni.

Diwani mmoja mama akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu zote, "Dokta, naomba kueleweshwa. Hayo maji yatapanda mlima wa Kitonga yenyewe au yatachukua basi?"

Wakuu, watu walicheka mpaka mhudumu wa chai akaja kuangalia kuna nini.

Dokta hakuyumba. Hapo lazima nimpe sifa zake. Akasema, "Hiyo ni hali ya kinadharia, tutaijadili baada ya chai." Akanisogelea sikioni, akasema, "Futa hizo safu za bahari na kimbunga. Haraka."

Nikazifuta. Dakika moja tu.

Sasa sikilizeni hapa. Kwa ile fomu, "Nyingine" haikuwa na alama. Sifuri. Andika tembo, andika maporomoko, andika dunia inaisha kesho, mashine inaongeza sifuri. Alama zote za Isonge zilikuwa zimetoka kwenye bahari ya uongo. Nilipoifuta bahari, Isonge ikashuka kutoka njano kwenda kijani.

Niliona ikibadilika mbele ya macho yangu. Nikamgusa Dokta, "Hii ya Isonge si sahihi, kuna ufa kule."

Akasema, "Ni kijiji kimoja. Tusiharibu picha nzima."

Nikanyamaza. Baada ya chai tukaonyesha ramani nzuri sana, kijani kibichi kila upande, watu wakapiga makofi. Ramani zikachapishwa kubwa, zikapigwa muhuri, zikasambazwa kubandikwa kwenye ofisi za vijiji. Pembeni ya ramani kuna ufunguo wa rangi: kijani, "salama".

Nikarudi Kihesa kwenye madaftari yangu.

Machi, niko dukani mchana, simu ikaita. Namba ngeni.

"Mwanangu, mimi Mama Atupele wa Isonge. Unanikumbuka?"

Nikasema nakukumbuka mama, shikamoo.

"Ramani yenu imenirudishia watu."

Sikumwelewa. Akanifafanulia taratibu, kama anamweleza mtoto. Baada ya Krismasi alikuwa amewashawishi watu wa Juu washuke, wakae kwa ndugu zao kijijini mpaka mvua ziishe. Kazi ya miezi. Nyumba moja moja, jioni moja moja. Kaya tisa zilikuwa zimekubali kuhama. Halafu ramani ikafika ofisini. Watu wakaiangalia, wakaona kijani, wakabeba magodoro yao wakapanda tena kilima.

"Wananiambia wataalamu wamekuja na mashine, wamesema ni salama, wewe fundi cherehani unajua nini," akasema. "Na ufa sasa unaingiza mguu wangu. Nifanyeje, mwanangu?"

Wakuu, mteja alikuwa mbele yangu anasubiri chenji. Nilimpa yote aliyonipa pamoja na daftari.

Nikampigia Dokta. Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwa sauti ya upole, "Report imeshapokelewa. Tukianza kubadilisha rangi sasa watasema hatukufanya kazi. Halafu kumbuka, pale kuna tiki ya Ndiyo. Ni yako, siyo yangu."

Alikuwa mkweli. Mara moja katika kazi yote ile Dokta alisema jambo lenye ushahidi.

Usiku sikulala vizuri, tuishie hapo. Asubuhi nikamwambia mama nakwenda Mbeya. Akauliza kuna kazi? Nikasema hakuna, kuna makosa.

Nikampigia Rajabu. Nilidhani atanicheka. Akasema tu, "Njoo. Nitaazima pikapu ya shemeji."

Alinipokea Uyole, tukapanda Isonge, na safari hii nikapanda mpaka Juu. Saa moja na nusu, Mama Atupele mbele, mimi nyuma napumua kama pancha. Rajabu naye alipanda, na makubazi.

Nikauona ufa.

Siwezi kuwaelezea vizuri. Jaribuni kufikiria mkate mtu ameukata akaacha kuumalizia. Ulikuwa umepita katikati ya migomba, mgomba mmoja umegawanyika mizizi huku na huku. Ukiinama unasikia maji yanatembea chini. Na chini yako, karibu kiasi kwamba unaweza kurusha jiwe, unaona mabati ya nyumba, moshi unatoka, mtu anaanika nguo.

Na Novemba ilikuwa ni saa moja na nusu tu kupanda.

Mama akasema, "Sasa umeona kwa macho."

Sijui kama alikuwa anajua fomu ilivyoandikwa. Nadhani hakujua.

Kesho yake mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano pale uwanja wa ofisi. Walikuja wengi, maana habari ilishaenea kwamba mtu wa ramani amerudi. Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa hotuba, nikaisahau yote.

Nikasema, "Mimi ndiye niliyejaza fomu ya Isonge. Nilisema nimepanda kuona ufa. Sikupanda. Nilikuwa na njaa. Ile kijani ni yangu, na ni uongo."

Zikalipuka kelele. Nikaitwa mwizi, nikaitwa mtoto wa mjini, kuna mzee alisema nikamatwe nipelekwe polisi, mwingine akasema polisi mbali, tumalizie hapahapa. Rajabu akasogea karibu na mimi. Nilimpenda sana dakika ile.

Akasimama dada mmoja amebeba mtoto mgongoni. Akauliza, "Ulitudanganya ukasema salama, tukakuamini. Leo unasema hatari. Tukuamini kwa nini?"

Nikasema, "Msiniamini. Kapimeni wenyewe."

Mama Atupele alivua futi yake shingoni, akampa yule dada.

Walipanda kama watu thelathini. Wengine walikuwa hawajafika kwenye ule ufa tangu mwaka uliopita, wanapita njia ya chini kila siku. Wakapima kigingi kwa kigingi, wakalinganisha na daftari. Mwanaume mmoja aliingiza mkono ukazama mpaka begani. Akautoa, akakaa chini, akaanza kuita jina la mke wake aje kufungasha vyombo.

Mpaka jioni yake kaya zote za Juu zilikuwa zinashuka. Zote isipokuwa moja.

Mwalimu Ambokile. Mwalimu mstaafu, mtu anayeheshimika, nyumba yake ndiyo bora kuliko zote pale, ya tofali za kuchoma. Mke wake alishuka na wengine. Yeye akagoma. Nilikwenda mwenyewe kumbembeleza, nimempigia shikamoo mara tatu.

Alikuwa amekaa barazani na redio. Akasema, "Kijana, wewe ni mtu mmoja umesimama uwanjani ukaongea. Kule ofisini kuna karatasi ina muhuri. Serikali haiongei kwa mdomo, inaongea kwa karatasi. Lete karatasi nyingine, nitahama."

Nikasema karatasi itachukua muda.

"Basi nitasubiri muda," akasema, akaongeza sauti ya redio.

Nilishuka siku iliyofuata nikaenda wilayani na barua yangu ya kurasa mbili. Nimeandika kila kitu, tiki, sifuri, safu nilizofuta. Karani akaipokea, akaniambia niambatanishe fomu ya maombi ya marekebisho. Nikauliza inapatikana wapi. Akasema inaandaliwa na mtaalamu mshauri.

Yaani Dokta.

Siku ya nne baada ya mkutano, Jumanne, saa nne asubuhi, nilikuwa bado Mbeya mjini kwa Rajabu. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili bila kupumzika. Mama Atupele akapiga. Nilisikia watu wanapiga kelele nyuma yake. Yeye sauti yake ilikuwa tulivu kabisa.

"Kilima kimeshuka, mwanangu."

Tulipofika, Juu ilikuwa imebaki kipande cha pembeni tu. Kulikuwa na tope jekundu kutoka pale ufa ulipokuwa mpaka kwenye kijito, na ndani yake vipande vya mabati, mlango, mgomba umesimama wima kabisa mahali ambapo haukupandwa. Nyumba kumi na tatu zilikuwa zimekwenda.

Ndani ya nyumba kumi na mbili hakukuwa na mtu.

Ya kumi na tatu walikuwa wanaichimba kwa majembe na mikono. Mke wa Mwalimu alikuwa amesimama pembeni, hajalia, anarudia neno moja tu, "Nilimwambia. Nilimwambia." Tulichimba na Rajabu mpaka alasiri. Ukuta wa tofali ulikuwa umeangukia kabati, kabati likaacha nafasi kama ya mtu kujikunja. Humo tukamkuta Mwalimu, hai, nyonga imevunjika, mdomo umejaa udongo.

Baada ya wiki nikaenda kumwona hospitali. Nilibeba maji ya matunda na aibu.

Akasema, "Nimefundisha jiografia miaka mingi. Nilikuwa nawaambia watoto, ukiona ramani usikisie, soma ufunguo. Nikasoma ufunguo. Kijani, salama. Nikosoe kijana, nilikosea wapi?"

Nilimshika mkono, akaniacha niushike. Sijui kama hiyo ni kusamehewa. Sikuuliza.

Mnadhani imeishia hapo? Subirini.

Mwezi uliopita ripoti ya mwisho ya mradi imetoka. Nimetumiwa na mtu. Kuna ukurasa mzima wa Isonge, wenye kichwa cha habari "Mafanikio". Inasema, nafupisha, kwamba kutokana na elimu iliyotolewa na timu ya tathmini, wananchi walihama mapema na hakuna maisha yaliyopotea. Kuna picha ya Mama Atupele ameshika futi. Chini ya picha: "Mnufaika wa mradi".

Mnufaika!

Nikampigia Mama Atupele nikamsomea. Alicheka mpaka akakohoa. Akaniuliza mnufaika maana yake nini hasa kwa lugha yao. Nikamwambia ni mtu aliyepata faida. Akasema, "Basi waandike na faida yenyewe. Migomba yangu iko kijitoni."

Dokta naye amenipigia. Amepata kazi nyingine, tathmini ya baada ya janga, hapohapo Isonge. Ananihitaji kwa sababu, namnukuu, nina uzoefu wa eneo. Nikamwambia sitaki, na kwamba kama anataka mtu mwenye uzoefu wa eneo yuko mmoja ana cherehani na daftari. Akasema yule mama hana cheti. Nikakata simu. Ni mara yangu ya kwanza kumkatia mtu aliyeniita "my brother".

Sasa hivi niko dukani. Mama Atupele anaendelea kupima, kilima cha pili safari hii, upande wa shule. Anapima na yule dada mwenye mtoto, na Rajabu akipata abiria wa upande huo anapita kuwapelekea vigingi vipya kutoka mjini. Namba wananitumia kila Jumapili, mimi naziweka kwenye jedwali na kupeleka wilayani, iwe kwenye format au isiwe. Karani amenizoea. Wiki iliyopita aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama kwao na kwenyewe naweza kwenda kuangalia.

Edit: Mkuu mmoja hapo chini ameuliza kwa nini simtaji Dokta kwa jina. Kwa sababu ukimtaja mmoja, wengine watapumua. Na mwingine kasema mimi najitakasa. Sijitakasi. Ningekuwa msafi ningekuwa nimepanda Novemba.

Nilichojifunza ni kidogo. Mtu akikuambia yuko hatarini na akakuonyesha daftari, panda naye. Kama huwezi kupanda, andika Hapana, hata kama Hapana ina maswali kumi na moja. Watu hawaishi kwenye report, wakuu, wanaishi chini ya kilima, na wakikuona umekuja na gari na mashine wanaamini kwamba umeona.

Naombeni jambo moja kutoka kwenu, hasa mlioko vijijini au mnaokwenda likizo nyumbani. Pitieni ofisi ya kijiji. Kama kuna ramani ya majanga ukutani, uliza ni nani aliyefika mwenyewe mpaka kule juu, au mpaka kule mtoni, kabla haijapakwa rangi. Uliza jina lake.

Halafu njooni hapa mtuambie mlijibiwa nini. Matusi yangu pia nayapokea, wekeni tu, nasoma yote.